Sun Valley Serenade au Stormy Weather: uanze na ipi?

Ndugu wawili wacheza dansi, Fayard na Harold Nicholas, wamo katika filamu zote mbili. Katika ile ya mwaka 1941, Sun Valley Serenade, wanatokea mbele ya behewa la treni lililojengwa studioni, wanaimba na kucheza na msichana mmoja kwa dakika chache, kisha hawaonekani tena hadi filamu inakwisha. Katika ile ya 1943, Stormy Weather, wanaingia karibu na mwisho, wanaruka kutoka kijukwaa cha mpiga ala mmoja hadi cha mwenzake, wanapanda ngazi, halafu wanashuka wakirukana kwa zamu na kutua kwa msamba kidato baada ya kidato, bila kugusa chini kwa mkono. Studio ni ileile, 20th Century Fox. Ndugu ni walewale. Kilichobadilika katikati ya miaka hiyo miwili ndicho kinachofanya swali la kuchagua liwe na uzito.

Watu huniuliza waanzie wapi wakitaka kuonja vichekesho vya muziki vya Hollywood vya enzi ya swingi, na wengi wana jioni moja tu ya kujaribu. Huwa nawapunguzia orodha mpaka zibaki hizi mbili: Sun Valley Serenade, iliyoongozwa na H. Bruce Humberstone, dakika 86, na Stormy Weather ya Andrew L. Stone, dakika 78. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na zote ni fupi kuliko mechi ya mpira.

Swingi, kwa ambaye neno hili ni geni kwake, ni jazi ya kuchezea dansi iliyotawala Marekani tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Bendi ilikuwa na watu kumi na watano hivi, pengine zaidi: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksofoni na klarineti, nyuma yao piano, besi, gitaa na ngoma. Sisi ambao neno Jazz tulilikuta kwenye majina ya bendi za nyumbani, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, tumezoea magitaa yanayojibizana na mwendo wa rumba. Huku gitaa halisikiki sana. Zinazosema ni pumzi za watu, na zikisema kumi na mbili kwa pamoja, kifua cha msikilizaji hutikisika.

Hadithi

Katika Sun Valley Serenade bendi inatafuta kiki. Mpiga debe wake, Nifty Allen, anaona magazeti yatafurahi ikiwa mpiga piano Ted Scott atajitolea kumlea mtoto mkimbizi wa vita kutoka Ulaya. Wanakwenda kumpokea kisiwa cha Ellis, New York, wakitarajia mtoto wa kushikwa mkono. Anayetoka ni Karen Benson kutoka Norway, mwanamke mzima, mchangamfu, ambaye muda si mrefu ameshaamua kwamba Ted ndiye atakayekuwa mumewe. Ted ana mpenzi tayari, mwimbaji Vivian Dawn. Bendi inapata kazi kwenye hoteli ya milimani huko Sun Valley, jimbo la Idaho, Karen anajipenyeza safarini, na kuanzia hapo ni wivu, mitego na mbio za kwenye theluji.

Ni hadithi nyepesi, lakini imeshonwa vizuri. Tukio moja linazaa jingine, na anayefika bila kujua chochote juu ya swingi atafuata tu kwa hamu ya kutaka kujua Ted ataishia kwa nani. Kuna pia uzito uliojificha chini ya kicheko. Ujerumani iliivamia Norway Aprili 1940, na Sonja Henie, anayemwigiza Karen, ni Mnorway mwenyewe, mzaliwa wa Oslo. Watazamaji wa Agosti 1941, filamu ilipotoka, walijua vizuri mkimbizi kutoka kule ana maana gani, na Marekani ilikuwa haijaingia vitani bado.

Stormy Weather haina hadithi ya namna hiyo. Mzee mcheza dansi, Bill Williamson, yuko barazani na watoto wa jirani. Anapata jarida lililochapwa kwa heshima yake, na kumbukumbu zinaanza: kurudi kutoka Vita vya Kwanza na kikosi cha askari weusi wa Harlem, mtaa wa weusi huko New York, kukutana na Selina Rogers, dada wa rafiki yake aliyefia vitani, kuhangaika kwenye boti ya mtoni na katika kilabu cha Memphis, kupanda majukwaa makubwa, kumkosa Selina na kumpata tena. Ni uzi wa shanga, na ukitazama hutauona uzi, utaziona shanga. Nyimbo na dansi zinakaribia ishirini ndani ya dakika hizo 78.

Anayemwigiza Bill ni Bill Robinson, aliyejulikana dunia nzima kwa jina la Bojangles, na hadithi imekopa kwa mbali maisha yake mwenyewe. Gwaride la mwanzo nalo lina ukweli ndani yake. Februari 1919 kikosi cha 369 kilipita Fifth Avenue kuelekea Harlem, bendi yake ikiongozwa na James Reese Europe, na filamu inamtaja kwa jina. Miezi mitatu baadaye Europe alikuwa amekufa. Filamu haifiki huko, ila ukijua, gwaride lile unaliangalia kwa macho mengine.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mtu anayeuliza "sasa ikawaje?" kila dakika tano, mpe Sun Valley Serenade. Stormy Weather itamchosha kwa sababu jibu mara nyingi ni "sasa anaimba mwingine".

Kicheko

Hapa sina wasiwasi wowote: Sun Valley Serenade inachekesha zaidi. Milton Berle, ambaye kuanzia 1948 angekuwa nyota mkubwa wa kwanza wa televisheni ya Marekani, anamcheza Nifty kama mtu aliyemeza saa, haongei ila anakimbia na maneno. Joan Davis naye ana mwili unaochekesha kabla hajafungua mdomo. Lakini aliyenishangaza ni Henie. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye barafu mara tatu, 1928, 1932 na 1936, na bingwa wa dunia mara kumi mfululizo, kwa hiyo nilitarajia mwanamichezo aliyesimamishwa mbele ya kamera asome maneno. Kumbe ana uso wa ujanja. Akipanga jambo unaliona linapita machoni mwake kabla Ted hajashtuka. Kiingereza chake ni cha mtu aliyejifunza, sentensi fupi na matamshi ya wazi, na hilo ni faida kwa mtazamaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Nilipoitazama na shangazi yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha dukani, alicheka mahali pote pa kucheka.

Stormy Weather ina Dooley Wilson, yule mpiga piano wa filamu ya Casablanca, akiwa Gabe, mtu anayejifanya tajiri huku mfuko mtupu. Anafurahisha. Lakini vichekesho vingi vya filamu hii vimetoka kwenye majukwaa ya zamani ya wachekeshaji weusi, na baadhi yake vimezeeka vibaya, nitavirudia. Lugha nayo ni ngumu. Cab Calloway, mwimbaji na kiongozi wa bendi, anaimba na kuongea kwa misimu ya Harlem, misimu ambayo yeye mwenyewe aliitungia kamusi ndogo mwaka 1938 ili watu wa nje waielewe. Mtu wa Lamu aliyetua Nairobi akakutana na Sheng ya vijana ataelewa hali ilivyo. Usijilaumu ukikosa maneno. Mahadhi yanatosha.

Muziki

Sasa tufike mahali ambapo uchaguzi unakuwa mgumu kweli.

Sun Valley Serenade ni ya Glenn Miller. Ndiyo filamu yake ya kwanza, na amekuja na bendi yake nzima, ingawa kwenye hadithi anaitwa Phil Corey. Miller alikuwa mpiga tromboni wa kawaida lakini mpangaji wa sauti mwenye masikio ya ajabu: klarineti inaongoza juu, saksofoni zinaifuata chini yake zikiwa zimebanana kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ukiisikia mara moja utaitambua popote. Hapa utapata "In the Mood", utapata "I Know Why", na utapata "Chattanooga Choo Choo", iliyotungwa na Harry Warren na Mack Gordon kwa ajili ya filamu hii. Wimbo huo wa treni uliuza nakala milioni 1.2, na tarehe 10 Februari 1942 kampuni ya rekodi ikamkabidhi Miller sahani yake iliyopakwa rangi ya dhahabu. Desturi ya "rekodi ya dhahabu" ilianzia hapo.

Kuna zawadi nyingine imefichwa humo. "At Last", wimbo ambao harusi nyingi siku hizi huuchezesha kwa sauti ya Etta James, ulitungwa kwa ajili ya Sun Valley Serenade. Maneno yake hayakutumika. Muziki ukabaki ukipita kwa ala tupu, na kuimbwa kukasubiri filamu ya pili na ya mwisho ya Miller, Orchestra Wives ya 1942. Tega sikio utaukamata.

Kasoro ya muziki wa filamu hii ni kwamba ni wa ladha moja. Ni ladha nzuri mno, lakini ni moja. Laini, iliyonyooka, kila mtu amevaa suti ileile.

Stormy Weather ni sinia la biriani la watu wengi, na kila mkono umeweka kiungo chake. Fats Waller yuko kwenye kilabu cha Beale Street, Memphis, kofia imelala upande, nyusi zinapanda na kushuka. Anampigia piano Ada Brown, mwanamke mwenye sauti kama mlango wa ghala, nao wanagombana kwa wimbo kama mume na mke waliozoeana. Kisha anaimba "Ain't Misbehavin'", wimbo wake mwenyewe wa 1929, na nyuma yake kwenye ngoma yupo Zutty Singleton. Tukio zima ni dakika chache, na ningelipa tiketi kwa hilo peke yake. Mkono wa kushoto wa Waller unatembea kama mtu mzito anayejua anakokwenda, wa kulia unachekacheka juu yake.

Halafu Lena Horne, anayemwigiza Selina. Wimbo "Stormy Weather" ulitungwa na Harold Arlen na Ted Koehler, ukaimbwa kwanza na Ethel Waters katika Cotton Club, kilabu maarufu cha Harlem, mwaka 1933, kwa hiyo Horne aliurithi ukiwa tayari na mwenyewe. Anauimba karibu na dirisha, nje mvua. Halii na hapigi kelele. Anaushika wimbo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia jana. Katikati ya wimbo kamera inatoka dirishani hadi mtaani, chini ya reli ya juu, ambako Katherine Dunham na kundi lake wamejikinga mvua, na hapo mtaa unageuka kuwa ndoto ya dansi. Dunham alikuwa msomi wa anthropolojia kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekwenda Haiti na visiwa vingine vya Karibi kati ya 1935 na 1936 kujifunza ngoma za wenyeji, na elimu hiyo inaonekana kwenye viuno na migongo ya wachezaji wake: hawachezi kwa miguu peke yake.

Juu ya hayo yote weka Cab Calloway na bendi yake. Suti aliyovaa, zuti, koti linalofika karibu na magoti, mabega mapana, suruali iliyojaa juu na kubana vifundoni, ilikuwa na habari yake. Juni 1943, wiki chache kabla filamu haijatoka, mabaharia huko Los Angeles waliwapiga na kuwavua nguo vijana, wengi wao wenye asili ya Meksiko, kwa sababu ya kuvaa suti za namna hiyo. Calloway anaizungusha jukwaani kwa furaha tupu. Nikikumbuka tarehe, naiona furaha hiyo kuwa na ujasiri ndani yake.

Jambo moja linaniuma kila nikizitazama filamu hizi kwa mfuatano. Miller alizaliwa Machi 1904, Waller Mei 1904. Waller alifia ndani ya treni huko Kansas City tarehe 15 Desemba 1943, miezi mitano baada ya Stormy Weather kutoka, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Desemba 1944, ndege iliyombeba Miller kutoka Uingereza kwenda Paris ilipotea juu ya bahari na haikuonekana tena. Rika moja, siku moja ya mwezi mmoja. Filamu hizi ni miongoni mwa sehemu chache ambako unaweza kuwaona wakiwa hai, wakipiga, wakitabasamu.

Nikilazimishwa kuhukumu muziki: anayependa wimbo unaobaki kichwani siku nzima aende kwa Miller. Anayetaka kusikia swingi ilitoka wapi na inaweza kubeba nini, aende kwa Waller na Horne. Mimi niko upande wa pili, na sijutii.

Dansi

Henie ana kilele chake mwishoni, onyesho la barafu ambalo barafu yenyewe imetiwa rangi nyeusi, nayo inawaakisi watelezaji kama kioo cha usiku. Limebuniwa vizuri na bado linapendeza. Edward Cronjager aliyepiga picha za filamu hii aliteuliwa kuwania Oscar, mmoja kati ya uteuzi mitatu iliyopata, pamoja na wa muziki na wa wimbo wa treni, ingawa hakuna uliozaa tuzo. Ushauri wa vitendo: tafuta nakala safi. Kwenye nakala mbovu barafu nyeusi inakuwa tope.

Mandhari ya mchana nayo yanastahili kutazamwa. Sun Valley ni mahali halisi, palifunguliwa mwishoni mwa 1936 na kampuni ya reli ya Union Pacific, na ndiko vilikoanzia duniani viti vya kuning'inia vinavyowapandisha watu mlimani kwa waya. Mhandisi aliyevibuni, James Curran, alichukua wazo kutoka kwenye mtambo wa kupakia mikungu ya ndizi melini. Kila nikiona watu wamening'inia pale juu ya theluji naziona ndizi.

Lakini dansi yenyewe, kwenye Sun Valley Serenade, ni ile ya treni. Bendi inafanya mazoezi, wimbo wa treni unaanza, kamera inawaachia jukwaa ndugu Nicholas na msichana niliyemtaja mwanzo. Huyo ni Dorothy Dandridge, ambaye mwaka uliofuata aliolewa na Harold, na ambaye baadaye, kwa Carmen Jones ya 1954, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Wanaimba, wanacheza, wanapotea. Hawaongei na mhusika yeyote. Hakuna neno la hadithi linalowategemea. Studio za wakati huo zilikuwa na desturi ya kuwaweka wasanii weusi katika tukio lililojitenga, ili majumba ya sinema ya Kusini mwa Marekani yaweze kulikata na filamu iendelee kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Tazama tukio la treni ukiwa na jambo hili akilini na utaona pa kupitisha mkasi, mwanzo na mwisho.

Stormy Weather haina pa kupitisha mkasi. Ukiwaondoa watu weusi, filamu inabaki skrini tupu. Haikuja kwa bahati. Mwaka 1942 Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alikwenda Hollywood kuwabana wakuu wa studio juu ya nafasi wanazopewa weusi, na 1943 zikatoka filamu mbili za studio kubwa zenye waigizaji weusi watupu, hii na Cabin in the Sky, zote mbili akiwamo Lena Horne. Kwa hiyo ndugu Nicholas wanapoinuka safari hii, wanainuka kwenye nyumba yao.

Siwezi kulieleza tukio la ngazi likatosha. Calloway ameimba "Jumpin' Jive", bendi imechemka. Fayard alizaliwa 1914, Harold 1921. Wazazi wao walikuwa wanamuziki wa ukumbi wa maonyesho Philadelphia, na tangu 1932 vijana hawa walikuwa wakicheza Cotton Club. Wanagonga viatu juu ya piano wakijibizana na mpigaji. Kisha ngazi zile pana, nyeupe. Mmoja anaruka juu ya kichwa cha mwenzake, anatua chini yake kwa msamba, anainuka kwa nguvu ya mapaja pekee, na kabla hajasimama sawasawa mwenzake ameshampita hewani. Fred Astaire, nyota wa dansi wa Hollywood, aliwaambia kwamba hakuwahi kuona onyesho la muziki la filamu linalolizidi hilo. Astaire alikuwa na sababu zote za kunyamaza, na hakunyamaza.

Bill Robinson mwenyewe ni jambo tofauti. Alizaliwa 1878, kwa hiyo hapa ana miaka 65 hivi. Hana haja ya kuruka. Hucheza wima, kiwiliwili kimetulia, mlio wote uko mbele ya unyayo, mwepesi kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Hii ndiyo filamu yake ndefu ya mwisho, alifariki 1949. Ukitaka kujua kwa nini hilo ni muhimu, kumbuka Swing Time ya 1936, ambamo Astaire anamtukuza Bojangles kwa dansi nzuri kabisa, lakini amejipaka weusi usoni ili aicheze. Katika Stormy Weather Bojangles hahitaji mtu wa kumwakilisha.

Yatakayokukera

Sun Valley Serenade itakukera kwa kile isichokuwa nacho, na kwa jinsi mkimbizi anavyogeuzwa chombo cha matangazo. Vivian amechorwa kuwa mwanamke wa kushindwa tangu anapoingia. Hata sauti yake si yake: Lynn Bari anafungua mdomo, anayeimba ni Pat Friday.

Stormy Weather itakukera waziwazi zaidi, na ni vizuri ujiandae ukiwa na watoto. Kuna kichekesho cha jukwaani ambamo wachekeshaji weusi wenyewe wamepaka weusi usoni, kwa desturi ya zamani ya maonyesho ya Marekani. Ni mzigo wa historia ulioingia kwenye filamu bila maelezo. Kuna pia onyesho la "Afrika", na hilo linamhusu msomaji wa huku kuliko wengine: manyoya, mavazi ya kubuni, na ngoma kubwa kama matangi ya maji ambazo Robinson anazikanyaga kwa viatu. Hakuna mahali Afrika panapofanana na pale. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili niliona kuwa katikati ya mapambo yale ya uongo, mzee yule anatoa mdundo wa kweli kwa nyayo zake, na tangu hapo natazama miguu tu.

La tatu ni mapenzi ya Bill na Selina. Horne alikuwa na miaka 26. Robinson angeweza kuwa baba yake na akabaki na miaka ya ziada. Filamu inaomba tuamini, na wote wawili wana adabu ya kutolazimisha.

Linalonigusa kinyume cha hayo ni mwisho: onyesho limeandaliwa kuwaaga askari weusi wanaokwenda vitani. Walikuwa wakienda katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi. Mwaka uliofuata babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nao walikuwa kwenye matope ya Burma. Sura zile za vijana waliovaa sare na kucheka mezani, mtu wa huku hawezi kuziangalia kama wageni.

Basi ipi?

Kwa jioni ya familia, wageni wa rika mbalimbali, mtu mmoja anapiga simu na mwingine anaingia na kutoka: Sun Valley Serenade. Itawasubiri wote. Kwa mtu anayejifunza muziki, kwaya, tarumbeta, dansi yoyote ile, au anayetaka kujua kwa nini watu bado wanaizungumzia enzi ya swingi: Stormy Weather, bila kusita. Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiingiza mwaka 2001 katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na ilistahili. Anayetaka fujo tupu, ambaye hadithi kwake ni kero, ana njia ya tatu: Hellzapoppin' ya 1941, ya studio ya Universal, ambamo kundi la wacheza dansi la Whitey's Lindy Hoppers, kwa mpangilio wa Frankie Manning, linarusha watu hewani kwa kasi ambayo jicho hukataa kuamini. Nao pia wamevalishwa sare za watumishi, wanacheza, wanaondoka. Filamu iliyobaki ni ya mzaha unaochoka mapema kuliko miguu yao.

Ukiwa na jioni mbili, zitazame kwa mpangilio wa miaka. Jumamosi Sun Valley, Jumapili Stormy Weather, na usitumie spika ya simu, kwa sababu besi na tromboni zote zitapotea na utabaki na kelele za juu. Jumamosi, tukio la treni likiisha, rudisha nyuma ulitazame tena, uwashike vizuri sura zao wale ndugu wawili. Jumapili, Calloway akianza kuimba kwenye onyesho la mwisho, hakikisha chai imeshamiminwa na kila mtu amekaa.